Fahamu: Kwa nini HbA1c inaweza kuficha kisukari

Jibu la maabara linasema HbA1c ni asilimia 6.1, chini ya 6.5 ambapo kisukari huanza. Mgonjwa huyohuyo akitobolewa kidole asubuhi kabla ya kula chochote, mashine ya sukari inasoma 8 mmol/L. Ipi iaminiwe?

HbA1c haipimi sukari yenyewe. Hupima kiasi cha himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, kilichogandwa na sukari. Chembe hizo huishi takriban siku 120, ndiyo maana jibu huelezea miezi miwili mitatu iliyopita.

Kwa mgonjwa wa selimundu chembe hufa mapema mno, na himoglobini A ya kawaida hana. Kipimo hiki hakimfai kabisa.

Wanaotatanisha ni waliorithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu. Hawaumwi, na wengi hawajijui. Kandokando ya Ziwa Victoria si wachache hata kidogo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kwa sukari ileile, HbA1c ya Wamarekani Weusi wenye kinasaba hicho ilisoma chini kwa takriban pointi 0.3. Ni kidogo, ila kwa aliye mpakani inatosha kumrudisha nyumbani bila dawa. Tena baadhi ya mashine za maabara huvurugwa na himoglobini ya selimundu, nyingine hazina shida.

Majibu yakipingana, omba sukari ya kufunga ipimwe maabara (7.0 mmol/L na kuendelea ni kisukari, ikirudiwa ikathibitika), au kipimo cha fruktosamini, ambacho hakitegemei himoglobini.