Uungwana Uliobebwa na Mikono ya Wengine

Nyumba ya kale ya Mkomani, mtaa wa kaskazini mjini Lamu, haimfungulii kila mtu. Mlangoni kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, na mgeni wa kawaida aliishia hapo: alikaa, akanywa kahawa, akamaliza shughuli yake, akaenda zake. Aliyeaminiwa zaidi alipinda kona akatokea kwenye kiwanda, yaani uwanja wazi wa katikati ya nyumba. Mbele yake kuna ukumbi mwembamba uitwao msana wa chini, kisha msana wa juu ulioinuliwa kidogo, na nyuma kabisa chumba cha ndani kisicho na dirisha la nje, ukuta wake umejaa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa iliyochongwa. Bibi harusi alifichwa humo, watoto walizaliwa humo, na maiti wa nyumba waliogeshwa humo.

Mimi ni fundi wa nyumba hizi. Nimekwangua kuta zake, nimezipaka chokaa ya mawe ya matumbawe yaliyochomwa, nimetoa boriti za mikoko zilizooza na kuweka mpya. Boriti ndizo zinazoamua upana wa chumba. Hazivuki mbali, kwa hiyo vyumba vyote vya Lamu ni virefu na vyembamba, havizidi sana meta tatu kutoka ukuta hadi ukuta. Mtu akifanya kazi hii kwa muda mrefu huanza kuziuliza kuta: zilijengewa nani, na aliyekaa chini ya sakafu ya msana alikuwa nani?

Waliojengewa ni waungwana. Hawa walikuwa koo chache zilizojihesabu kuwa ndio wenye mji: wenye nasaba inayojulikana, wenye elimu ya dini, wenye nyumba za mawe, wenye mashamba ng'ambo ya bara na majahazi baharini. Lamu haikuwa na sultani wa ukoo mmoja kama mji jirani wa Pate ulivyokuwa na Wanabahani. Wakuu wa koo walikutana Yumbe, nyumba ya baraza, na mji uligawanyika pande mbili, Zena na Suudi, zilizopokezana madaraka. Watu hao ndio walioongoza mji ulipoishinda Pate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, na ndio walioomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman baada ya ushindi. Ngome iliyopo sokoni leo ilikamilika karibu na mwaka 1821.

Utawala wa namna hii haukuwa wa Lamu peke yake. Aristotle wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliutenga utawala wa wachache walio bora wanaotafuta manufaa ya wote na utawala wa wachache matajiri wanaojitafutia wenyewe. Tatizo ni kwamba kila tabaka la juu duniani limejiweka katika fungu la kwanza. Wakubwa wa Ulaya walifanya hivyo kwa karne nyingi, mpaka bunge la mapinduzi la Ufaransa lilipofuta vyeo vya kuzaliwa mwaka 1790. Waungwana wetu nao waliamini kwa dhati kwamba ubora umo ndani ya damu yao, na kwamba adabu, usafi, lugha laini na utungaji wa tenzi ni ushahidi wa damu hiyo.

Ushahidi huo ni mzito, siukatai. Nikiwa juu ya ngazi mbele ya zidaka za karne ya 18, nikifuata kwa kisu mchirizi uliochongwa na fundi ambaye hakuwa na kipimo kingine zaidi ya kamba na jicho, moyo wangu hujaa heshima. Watu waliotaka kuta za namna hii walikuwa na macho ya kuona. Ndani ya zidaka walipanga sahani na mabakuli ya China, vitabu na vyetezo. Siwa, baragumu kubwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na ile ya Lamu ya shaba, zilivuma katika sherehe zao. Ushairi wao ndio msingi wa ushairi wetu hadi leo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi, aliziangalia nyumba za Pate zikibomoka na ndege wakilala mlimopangwa vyombo vya China, akaiambia nafsi yake kwamba fahari yote hiyo imekwisha. Muungwana huyo alipata ujasiri wa kulionyesha tabaka lake kaburi lake.

Lakini shuka ngazi uende chini. Katika nyumba nyingi za ghorofa, familia iliishi juu. Chini palikuwa na ghala na malazi ya watumwa. Kuta za chini hazina zidaka wala nakshi. Watumwa walichota maji, walipika, walipakia majahazi, na wengi zaidi walilima mtama, ufuta na pamba katika mashamba ya bara yaliyolipia sahani za China. Bibi wa kiungwana alipotoka barabarani alifunikwa na shiraa, hema la nguo lililobebwa na watumwa wake, ili jicho la mtu lisimfikie. Ninapolisikia neno heshima linatajwa katika habari za zamani, nawafikiria wabebaji wa shiraa: stara ya mmoja ilihitaji mikono ya wengine, na hao wenyewe hawakuwa na stara yoyote.

Mpaka huu ulikuwa ndani ya malezi, si sheria tu. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha mwaka 1858. Tunausoma, tunawasomea binti zetu, na ni haki yake, kwa kuwa umejaa hekima na upole. Hata hivyo, ndani ya utenzi huohuo mama anamwonya binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Adabu na ubaguzi vilifundishwa kwa pumzi moja, na mtoto alivipokea vyote viwili kama kitu kimoja.

Tabaka hili liliporomoka haraka. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Mashamba ya bara yakakosa wakulima. Ndipo ikaonekana uungwana ulikuwa umeegemea wapi, maana damu ilibaki ileile na nasaba zilikaririwa vilevile, lakini nyumba zilianza kuvuja.

Kabla ya hapo, mtu mmoja alikwisha kuutikisa ukuta huo wa tabaka kwa njia nyingine. Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, aliweka makazi yake Langoni, mtaa wa kusini wenye nyumba za makuti, akawafundisha watumwa na Wahadhrami maskini elimu ambayo wakubwa wa Mkomani waliiona kuwa mali yao. Msikiti wake wa Riyadha ulijengwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 au karibu yake, na maulidi yake ya matari yaliwaudhi baadhi ya waungwana walioona kelele mahali pa ibada. Alifariki mwaka 1935. Maulidi ya Lamu leo ni yake, na wajukuu wa pande zote mbili hukaa mkeka mmoja. Ukweli wote ni kwamba naye alisikilizwa kwa sababu alikuwa wa damu ya Mtume. Heshima ya damu haikufutwa, ilihama. Hata hivyo mlango wa elimu aliouacha wazi haujafungwa tena, na kwangu hilo ndilo tendo kubwa zaidi katika historia ya mji huu.

Mbali sana na bahari, wazo la uungwana lilitumika kinyume kabisa. Wapagazi na askari wa misafara ya karne ya 19, wengi wao watu wa bara waliopitia utumwa, walijiita waungwana walipofika Nyangwe na Kasongo, Kongo ya mashariki. Lugha yao ikaitwa Kingwana. Aliyenyimwa jina hilo pwani alilichukua mwenyewe huko, akavaa kanzu, akajenga mji.

Kwetu mpaka bado upo kwenye ndoa. Kufu, yaani usawa wa mume na mke, imo katika fikihi ya Shafii, nayo inagusa dini, kazi na nasaba. Lakini ni haki ambayo mwanamke na walii wake wanaweza kuisamehe. Familia yetu ilipeleka posa kwa watu fulani. Kijana wetu anasali, ana kazi, hana deni. Jibu lilikuja kwa ustaarabu mwingi sana: "Mtuwie radhi, jamaa zetu wa zamani hawatakubali." Kila aliyekuwapo alielewa kwamba aliyekataliwa ni bibi yake babu, aliyeuzwa kabla hatujazaliwa sote. Naiona dhuluma hiyo kuwa mbaya zaidi kwa sababu ilisemwa kwa sauti laini.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kazi ya mafundi kama mimi iliongezeka. Wenye nyumba wanatuita tufufue msana na zidaka. Vyumba vya chini hugeuzwa stoo, duka au jiko la wageni, na plasta mpya inafunika kila kitu. Nawaomba wenye nyumba, na vijana wanaowatembeza wageni: mkishamaliza kuonyesha zidaka, washusheni watu chini pia, muwaambie wazi nani walilala pale.