Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Watafiti wa magonjwa wakifika kijijini, wazazi huuliza: "Damu ya mtoto wangu inakwenda wapi? Nani anawalipa watu hawa?" Maswali haya ni mazuri. Tutazame mfano wa Wilaya ya Misungwi, Mkoa wa Mwanza.

Mbu wengi walikuwa wameizoea dawa ya kawaida ya vyandarua. Hawakufa tena. Ilibidi kutafuta chandarua bora zaidi. Basi wilaya ikagawanywa katika maeneo 84. Mwaka 2019 watu walipewa vyandarua vya aina nne, kila eneo aina yake. Wenye nyumba hawakuambiwa wamepata aina ipi, ili majibu yasiwe na upendeleo.

Chuo kimoja kisingeweza kazi hiyo peke yake. Wanahitajika wajuzi wa mbu, wapimaji wa damu na wajuzi wa hesabu. Kwa hiyo walishirikiana chuo kikuu cha tiba cha KCMC cha Moshi, taasisi yetu ya utafiti NIMR ya Mwanza, chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha London, na Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka Serikali ya Uingereza na mfuko wa Wellcome.

Baada ya miaka miwili watoto walipimwa. Waliotumia chandarua cha kawaida, karibu 46 katika kila 100 walikuwa na vijidudu vya malaria. Waliotumia chandarua kilichoongezwa dawa ya klofenapiri, ni karibu 26 tu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri chandarua hicho kitumike badala ya kile cha dawa moja, mahali ambapo mbu wameizoea dawa hiyo.

Fedha zilikuwapo na wataalamu walikuwapo. Lakini bila wazazi kukubali watoto wachomwe kidole, jibu lisingepatikana.

Ndugu msomaji, watafiti wakija kwako uliza:

1. Mnatoka chuo gani?
2. Nani anatoa fedha?
3. Kibali cha utafiti kiko wapi?
4. Damu itapimwa nini?
5. Majibu mtatuletea lini?

Usitie sahihi kabla hujaelewa. Una haki ya kukubali, na una haki ya kukataa. Ukikataa, matibabu yako ya zahanati yako palepale. Ukikubali, jua kwamba tone lako la damu nalo ni mchango katika kazi hiyo.