Vumbi Jeusi Kwenye Rimu: Linatoka Wapi, na Utalipunguzaje?

Umeosha gari Jumamosi, rimu zinang'aa mpaka unajiona sura. Jumatatu jioni ukirudi kazini, rimu za mbele zimeshapakwa masizi. Za nyuma zina nafuu kidogo. Na kama gari lenyewe ni la kasi, tuseme Subaru Impreza WRX STI yenye breki kubwa za Brembo, ndio balaa zaidi. Jirani mwenye kigari chake cha kawaida anaosha mara moja kwa wiki mbili na wala hana habari.

Rafiki yangu mmoja ana gari la aina hiyo. Majuzi alinipigia simu kwamba amechoka, anataka kung'oa pedi zote za breki na kuweka "zisizo na vumbi" alizosifiwa dukani. Tatizo ni kwamba wiki iliyofuata alikuwa na safari ya Dar kwenda Mbeya, maana yake wakati wa kurudi lazima aushuke mlima Kitonga. Nikamwambia asubiri kwanza, tuongee fizikia kidogo. Mazungumzo yenyewe yalikuwa hivi.

Breki inafanya kazi gani hasa?

Gari likiwa kwenye mwendo lina nishati. Ukikanyaga breki, nishati hiyo haipotei, inageuzwa kuwa joto. Pedi zinabana diski, msuguano unatokea, diski inapata moto, na upepo unaubeba ule moto.

Tupige hesabu. Nishati ya mwendo ni nusu ya uzito wa gari ukizidisha kwa kasi, kisha kwa kasi tena. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa lina takriban kilojuli 580. Likiwa kwenye kilomita 200 kwa saa, usidhani ni mara mbili. Ni mara nne, kama kilojuli 2,300. Kwa hiyo anayekimbia halafu anafunga breki kali hachomi pedi "zaidi kidogo" kuliko mwenzake, anazichoma mara kadhaa zaidi.

Kwa nini za mbele zichafuke kuliko za nyuma? Ukifunga breki, gari linainama mbele. Uzito unahamia kwenye matairi ya mbele, hivyo breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Kazi kubwa, vumbi jingi.

Vumbi lenyewe ni nini?

Wengi tunadhani ni pedi tu inayolika. Kumbe na diski inalika pia. Diski za magari mengi zimetengenezwa kwa chuma cha kusubu, na kila ukifunga breki unaikwangua kidogo. Pedi nayo ni mchanganyiko: nyuzi au chembe za metali, grafiti ya kulainisha, unga mgumu wa kukwaruza, na gundi ya resini inayoshikilia vyote pamoja.

Unaweza kujionea mwenyewe. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye karatasi, kisha ipitishe juu ya vumbi kavu la rimu gari likiwa limepoa. Mara nyingi utaona unga mweusi umeganda kwenye karatasi. Hicho ni chuma. Na kwa sababu ni chuma, kikipata maji au unyevu kinashika kutu. Vile vidoa vya rangi ya hudhurungi ambavyo sabuni haivitoi ndio chembe zilizojishikiza kwenye vanishi ya rimu zikiwa za moto, halafu zikaota kutu pale pale.

Kwa nini magari ya kasi yana vumbi zaidi?

Hapa kuna aina mbili za msuguano. Aina ya kwanza ni ya kukwangua: pedi yenye metali na unga mgumu inaikata diski kama msasa. Inashika vizuri hata ikiwa na joto kali, lakini inatoa vumbi jingi na kuila diski. Magari mengi ya Ulaya na yale ya kasi yanatoka kiwandani na pedi za jamaa hii.

Aina ya pili ni ya kupaka: pedi inaacha utando mwembamba wa nyenzo zake juu ya diski, na msuguano unatokea kati ya pedi na utando huo. Pedi zinazouzwa kwa jina la seramiki kwa kawaida zinafanya kazi zaidi kwa njia hii. Vumbi lake ni kidogo, lina rangi isiyokolea, na halishiki sana kwenye rimu.

Sasa utauliza, kwa nini wote tusitumie hizo? Jibu liko kwenye joto. Gari likiendeshwa kwa nguvu, diski inaweza kupita nyuzi joto 500. Pedi ambayo haikutengenezwa kwa joto hilo, gundi yake inaanza kuungua na kutoa gesi, na msuguano unashuka. Unakanyaga, pedali iko ngumu kama kawaida, lakini gari halisimami. Madereva wanasema breki imechoka.

Mteremko ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu breki haipati nafasi ya kupumua. Gari letu la kilo 1,500 likishuka mita 100 za kimo, linaachilia takriban kilojuli 1,470. Hiyo ni sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa mara mbili na nusu. Hapo ni mita 100 tu, na mlima wenyewe ni mrefu. Ndiyo maana watu wazima wanakwambia shuka na gia nzito: injini nayo ikusaidie kushika gari.

Kwa hiyo swali sahihi dukani si "ipi haina vumbi?" Uliza imetengenezwa kwa gari lipi na kwa matumizi gani. Kama gari lako ni la kwenda kazini na kurudi, pedi nzuri ya seramiki iliyokusudiwa kwa modeli yako inatosha. Kama unalipeleka kwenye mashindano au milimani kwa fujo, vumilia vumbi. Na usifanye kosa la upande wa pili: pedi za mashindano zikiwa za baridi hazishiki vizuri, zinapiga kelele, na zinaila diski bure mjini.

Mambo yanayosaidia kweli

Kwanza, namna ya kuendesha. Angalia mbele, ona foleni mapema, achia mafuta, acha gari lipungue lenyewe. Ukianza kufunga breki ukiwa kwenye kilomita 70 badala ya 100, umepunguza nishati inayokwenda kwenye pedi kwa nusu. Hii haina gharama, na hata mafuta utaokoa.

Pili, zoesha pedi mpya. Baada ya kuzifunga, tafuta barabara tupu na salama, punguza mwendo kwa breki za wastani mara kadhaa bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi zipoe katikati. Fuata maelekezo ya mtengenezaji. Lengo ni utando ukae sawasawa kwenye diski.

Tatu, osha mapema na osha rimu zikiwa zimepoa. Vumbi la wiki moja linatoka kwa maji na shampuu ya gari, la miezi mitatu ni ugomvi. Tumia kitambaa na ndoo ya rimu peke yake, maana chembe zile zikihamia kwenye bodi zinachora rangi. Kwa vidoa sugu kuna dawa inayogeuka zambarau ikikutana na chuma. Ndani yake kuna thioglikolati, jamii ya kemikali zinazotumika kwenye dawa za kuviringisha nywele saluni, ndiyo maana harufu inafanana. Inakamata chuma na kukifanya kiyeyuke kwenye maji. Usiache ikaukie. Dawa za asidi kali achana nazo, zinakula vanishi na hata alumini yenyewe.

Nne, paka nta au dawa ya kulinda rimu zikiwa safi. Haipunguzi vumbi linalotoka, inalizuia lisishike.

Kuna pia visahani vinavyofungwa kati ya diski na rimu ili kuzuia vumbi. Usivitumie. Vinazuia na upepo wa kupooza, na tumeshaona joto linafanya nini.

Si suala la urembo tu

Sehemu ya vumbi hili ni chembe ndogo kuliko mikromita 10, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Chembe hizo tunazivuta. Umoja wa Ulaya, katika kanuni za Euro 7 zilizopitishwa 2024, umeweka kwa mara ya kwanza kikomo cha chembe zinazotoka kwenye breki: miligramu 7 kwa kilomita kwa magari mengi madogo, na 3 kwa yale ya umeme. Gari la umeme linapunguza mwendo kwa kuigeuza mota kuwa jenereta, hivyo pedi zinapumzika. Porsche nao, tangu 2017, wana diski zilizopakwa tungsteni kabidi, ngumu kiasi kwamba hazikwanguliki kirahisi.

Sisi tuanze na gereji zetu. Fundi akifungua breki, ni kawaida kupuliza vumbi kwa upepo wa kompresa. Lile wingu linakwenda moja kwa moja kwenye mapafu yake, na pedi za zamani zilikuwa na asbesto, inayosababisha saratani. Mwombe alowanishe kwanza na kufuta kwa kitambaa chenye maji. Kama una barakoa ya ziada, mpe.

Mwisho, turudi kwa rafiki yangu. Tukiwa bado kwenye simu nikamuuliza: rimu za mbele zinachafuka sawa? Akasema hapana, ya kushoto inazidi sana. Hapo nikamwambia aende kwa fundi kabla ya dukani. Kalipa ya kushoto ilikuwa imenata, pini zake zimekauka grisi, pedi inabana diski hata asipokanyaga breki. Zikasafishwa, zikapakwa grisi ya breki, na pedi za upande wa kushoto na kulia zikabadilishwa pamoja, za aina ile ile ya kiwandani.

Alishuka Kitonga kwa gia nzito na akafika salama. Rimu bado zinachafuka, ila sasa zote mbili kwa usawa. Kesho asubuhi kabla hujawasha gari, inama kidogo uziangalie za kwako.