Bei ya Barabara Tulivu Issenye

Issenye iko magharibi mwa Wilaya ya Serengeti, jirani na Natta na Ikoma. Anayepita huko kwa baiskeli hupishana na ng'ombe, wanafunzi na bodaboda kuliko malori. Sababu ya utulivu huo iko mashariki: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, yenye kilomita za mraba 14,763, na kando yake mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo yaliyotangazwa mwaka 1994. Mwaka 2010 ilifunguliwa kesi kupinga barabara kuu ya kukata kaskazini mwa hifadhi, kipande cha kilomita 53 hivi, na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha ikazuia isiwekwe lami. Malori ya masafa marefu yamekosa njia ya mkato, na kijiji kikabaki na ukimya wake.

Ufaransa watu hutoka mabara mengine kwenda kuendesha baiskeli kwenye barabara tulivu za mashambani. Ukimya wa kule umetoka kwingine kabisa. Nchi ile ina barabara zipatazo kilomita milioni 1.1, takriban kilomita mbili kwa kila kilomita ya mraba, na 380,000 kati ya hizo ziko chini ya serikali za majimbo. Malori yana barabara zao kubwa, vijiji vina vijia vyao vya lami, na kati ya vijiji viwili mara nyingi utapata njia zaidi ya moja ya kuchagua. Tanzania, ukijumlisha barabara kama kilomita 36,000 za TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na 144,000 za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tunapata kilomita 0.2 kwa kila kilomita ya mraba ya nchi kavu. Ni mara kumi pungufu. Na katika zile za TARURA, zenye lami hazifiki asilimia 5.

Pengo hilo linamgusa mwenye baiskeli moja kwa moja. Mtembea kwa miguu huenda kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo eneo analoweza kulifikia ndani ya saa moja ni kilomita za mraba 79. Baiskeli ikienda 15 kwa saa, eneo linakuwa 707, mara tisa. Soko, zahanati na mashine ya kusaga vyote vinasogea. Lakini duara hilo ni la kwenye karatasi. Kwa wastani wa Tanzania, ndani ya kilomita 707 za mraba mna barabara kama kilomita 140 tu. Kwa wastani wa Ufaransa zingekuwa 1,400. Kwetu ikikatika barabara moja kwenye korongo wakati wa masika, hakuna ya pili, na udongo mweusi wa mbuga hunata kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Tuingie kwenye jasho. Baiskeli ya mashindano ya Tour de France hairuhusiwi kuwa chini ya kilo 6.8. Baiskeli ya Phoenix ya kijijini ina kilo kama 20, na juu ya keria linalazwa gunia la mahindi la kilo 100, limefungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa nguvu ya wati 100 hivi kwa muda mrefu bila kuishiwa pumzi. Kwa nguvu hiyo na gunia hilo, hesabu ya fizikia inampa kasi ya kilomita 15 kwa saa kwenye lami ya tambarare. Kwenye moramu iliyolegea inampa 9. Safari ya kilomita 10 inatoka dakika 40 na kuvuka saa moja. Kikija kilima cha mita 4 kwa kila mita 100, kasi inashuka hadi 3, chini ya mwendo wa miguu. Ndiyo maana wanashuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia. Anayewaona na kudhani ni wavivu hajawahi kubeba gunia.

Kwa fedha, baiskeli bado haina mpinzani. Chukua mfano wa baiskeli ya Sh 300,000 inayotumika miaka mitano, kilomita 20 kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 25,000, yaani Sh 12 kwa kilomita. Ongeza Sh 8 za tairi, tyubu na kuziba pancha, ifike 20. Nauli ya basi la kawaida la mikoani iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kuanza kutumika Desemba 2023 ilikuwa Sh 48.47 kwa kilomita, na gunia unalilipia kando. Pikipiki inayokwenda kilomita 45 kwa lita ya petroli, lita ikiwa Sh 3,000, inakula Sh 67 kwa mafuta peke yake.

Kwa hiyo mkulima wa Issenye ana kila sababu ya kuitaka lami, nami naitaka pamoja naye. Barabara ya Makutano hadi Mugumu imekuwa ikijengwa kwa vipande: Makutano–Sanzate kilomita 50, Sanzate–Natta 40, Natta–Mugumu 35. Lami ya barabara kubwa nchini huhesabiwa kwa shilingi bilioni moja na zaidi kwa kilomita. Shida ni kwamba inakuja moja, na kila chombo kitaifuata hiyo hiyo.

Lami ya kawaida ya barabara zetu kuu ina upana wa mita 6.5 hivi. Lori moja lina upana wa mita 2.5. Yakipishana mawili, inabaki mita 1.5 kwa jumla. Ufaransa, nje ya miji, sheria inamtaka dereva aache mita hiyo moja na nusu kati yake na baiskeli anayoipita, na barabara nyingi za njia mbili zilishushwa mwaka 2018 kutoka kilomita 90 hadi 80 kwa saa. Kwetu mwenye gunia anabaki na bega la barabara, mahali bodaboda zinaposubiri abiria na basi linaposimama ghafla. Gari linalokwenda 80 lina nishati ya kugonga mara saba ya linalokwenda 30.

Lakini nafasi ipo. Sheria ya Barabara ya 2007 imetenga hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu na za mkoa. Lami na mabega yake mawili vinachukua mita 10 hivi, na hata ukiongeza mitaro, ardhi inabaki nyingi. Njia ya baiskeli ya upana wa mita 2, iliyoshindiliwa moramu ya sentimita 15, inahitaji mita za ujazo 300 kwa kilomita. Kwa tipa la mita za ujazo 10, ukizingatia kwamba moramu hupungua ikishindiliwa, ni safari kama 38. Greda na mashine ya kushindilia tayari ziko kazini pale pale wakati barabara inajengwa. Mkandarasi akishaondoka na mitambo yake, kijiji hakina uwezo wa kuirudisha kwa ajili ya baiskeli.