Dukula: Kitambaa Kimetoweka, Jina Limebaki

Kwa karne nyingi kilivaliwa na wafalme na maharusi wa India, washairi wakakisifia na wafanyabiashara wakakipanga kwa rangi na kwa mji kilikotoka. Leo wataalamu bado wanabishana kilikuwa kitambaa gani hasa.

Jina lake ni dukula, neno la Kisanskriti, lugha kongwe ya India ambayo ndiyo iliyobeba maandiko mengi ya dini ya Kihindu, mashairi na vitabu vya utawala.

Ukifungua kamusi kubwa ya Kisanskriti ya Monier-Williams, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1899, utakuta neno hili limepewa maana mbili. Ya kwanza ni aina ya mmea. Ya pili ni kitambaa laini sana kilichotengenezwa kwa gome la ndani la mmea huo.

Kwa maneno mengine, kitambaa kilirithi jina la mti wake. Tatizo ni kwamba mti wenyewe haujulikani kwa uhakika, na hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Ushahidi mmoja mzuri unatoka kwenye Arthashastra, kitabu cha kale cha utawala na uchumi ambacho kwa mapokeo kinahesabiwa kuwa cha Kautilya. Kitabu hiki kilidhaniwa kimepotea hadi nakala yake ilipogunduliwa mjini Mysore mwaka 1905 na mtaalamu R. Shamasastry, ambaye alikichapisha mwaka 1909.

Katika sehemu inayoeleza mali za kuwekwa kwenye hazina ya mfalme, kitabu kinataja dukula za aina tatu. Ya Vanga, yaani Bengal, ilikuwa nyeupe na laini. Ya Pundra, upande wa kaskazini wa Bengal, ilikuwa nyeusi na nyororo kama uso wa kito. Ya tatu, kutoka mahali palipoitwa Suvarnakudya, ilikuwa na rangi ya jua.

Ajabu ni kwamba kitabu hicho hicho kinaitaja hariri peke yake, pamoja na vitambaa vilivyotoka China. Kinakitaja pia peke yake kshauma, kitambaa kinachofananishwa na kitani. Kwa hiyo wakati ule karani wa hazina alijua kabisa kwamba dukula si hariri na wala si kitani.

Lakini karne kadhaa baadaye, Amarakosha, kamusi mashuhuri ya Kisanskriti iliyoandikwa kwa mashairi ili wanafunzi waikariri, iliweka kshauma na dukula pamoja kama maneno yenye maana moja. Waandishi wengine nao wakawa wanaita dukula kitambaa chochote chembamba cha thamani, hata cha hariri.

Jina lililokuwa la bidhaa moja likageuka kuwa jina la kila kitu kizuri. Aliyeandika alitaka kusema "nguo ya fahari" tu, hakuwa akifikiria gome la mti tena.

Wafafanuzi wa maandiko ya dini ya Jain ndio waliotuachia maelezo ya kazi yenyewe. Wanasema gome lilitwangwa kwenye kinu pamoja na maji mpaka likalainika na kuachana, ndipo nyuzi zake zikasokotwa na kufumwa.

Wasomaji wetu wa Uganda wataikumbuka lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba inayotengenezwa na Waganda, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Lakini kazi zenyewe ni tofauti. Lubugo hugongwa kwa nyundo za mbao mpaka gome likatanuka na kuwa kitambaa, haisokotwi wala haifumwi. Dukula, kwa maelezo ya wafafanuzi hao, ilikuwa uzi kwanza.

Katika ushairi, dukula ni vazi la harusi. Kalidasa, mshairi mkubwa kuliko wote wa Kisanskriti, ameitumia vizuri kwenye Kumarasambhava, utungo unaohusu ndoa ya mungu Shiva na Parvati.

Shiva anamwendea Parvati akiwa amejigeuza kijana mtawa, anataka kumpima kama kweli anampenda. Anaanza kumponda mchumba huyo, yaani anajiponda mwenyewe. Anamuuliza bibi harusi huyo, dukula yako yenye picha za bata bukini itakaaje karibu na ngozi mbichi ya tembo inayochuruzika damu, ambayo ndiyo nguo ya huyo unayemtaka?

Parvati hakubabaika, alimtetea mchumba wake mpaka Shiva akajidhihirisha. Kwetu sisi swali hilo lina faida nyingine: linatuonyesha kwamba bibi harusi wa jamii ya juu alivaa dukula, na kwamba ilipambwa kwa picha za ndege.

Neno hili liliingia pia kwenye lugha ya Kipali, lugha ya maandiko ya Kibudha. Humo kuna hadithi ya Sama, ambayo baba yake aliitwa Dukulaka kwa sababu alipozaliwa alipokelewa kwenye kitambaa cha dukula. Mama yake aliitwa Parika kwa kuwa alizaliwa ng'ambo ya mto.

Wazazi wa pande hizo mbili za mto walikuwa wamekubaliana kuwaoza watoto wao. Lakini wawili hao hawakutaka mambo ya dunia, wakaenda msituni kuishi kama watawa na kuvaa nguo za magome. Yaani yule aliyepewa jina la kitambaa cha kifahari aliishia kuvaa gome lisilosokotwa.

Baadaye walipofuka macho kwa sumu ya nyoka, mwana wao Sama akawa ndiye anayewatunza. Siku moja mfalme wa Varanasi aliyekuwa akiwinda alimpiga mshale alipokwenda kuchota maji. Sama hakulilia maisha yake, aliwalilia wazazi wake vipofu ambao wangekosa wa kuwatazama. Hadithi inaisha kwa Sama kupona na wazazi wake kuona tena.

Kwenye Kibengali neno dukul lina maana nyingine kabisa, kingo mbili za mto, kwa kuwa du ni mbili na kul ni ukingo. Mtu aliyepoteza dukul amekosa huku na huku. Sisi tungesema mshika mbili moja humponyoka. Maneno hayo mawili yanafanana kwa maandishi na matamshi, na Mbengali wa leo ana nafasi kubwa ya kuijua mito kuliko kuijua nguo.

Hayo si mambo ya India peke yake. Kiswahili kina vitambaa vyake vilivyokuja kwa jahazi kutoka huko. Melimeli ni malmal ya Kihindi. Chiti, kitambaa cha maua, asili yake ni neno la Kisanskriti lenye maana ya kitu chenye rangi mbalimbali.

Doti imesafiri zaidi. India ni nguo ya mwanamume ya kufunga kiunoni. Wakati wa misafara ya karne ya 19 kutoka pwani kwenda bara, doti ilikuwa kipimo cha kitambaa, shuka mbili au yadi nne, na ililipia chakula na hongo njiani. Leo mama akisema doti anamaanisha kanga mbili zilizoungana ambazo hazijakatwa.

Doti imebaki hai kwa sababu kanga bado zinauzwa, zinapelekwa kwenye harusi na zinatumwa kwa ndege hadi London, Muscat na Minnesota. Melimeli haikupata bahati hiyo. Muulize kijana aliyezaliwa ughaibuni, hata wa Dar es Salaam, melimeli ni nini, wengi watakutazama tu.

Bibi aliyeishika kwa vidole vyake anajua ilivyo nyepesi na inavyopitisha mwanga. Kamusi itasema "kitambaa chembamba cha pamba" na kuishia hapo, kama ilivyoishia kwa dukula. Kama bibi huyo bado yupo, mpigie simu wiki hii umuulize.