Gurudumu Kubwa: Gari Limeinuka Kiasi Gani?

Masika moja nilipanda gari la abiria kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Lilikuwa gari dogo aina ya Noah, kama yale yanayobeba watu na mizigo vijijini. Dereva alikuwa na furaha. Wiki ile alikuwa amefunga matairi makubwa kuliko yale ya zamani. Gari lilisimama kama jogoo.

Kabla ya kufika Ulaya (Ulaya yetu ya Kilosa, si ile ya Wazungu) tulikuta korongo limejaa maji. Tulishuka tukatazama. Kijana mmoja aliingia kupima. Maji yalimpita magoti. Mimi nilisema tungoje yapungue. Dereva alicheka.

"Bwana Shamba, usiogope," alisema. "Siku hizi gari limeinuka."

Tukapanda. Na mimi nilipanda, hilo nakiri.

Tulipofika katikati, maji yalilisukuma gari ubavuni. Matairi ya nyuma yaliteleza. Gari likaegemea jiwe, maji yakaingia ndani. Tulitokea madirishani, na vijana wakatushika mikono mpaka ukingoni. Hakuna aliyekufa. Lakini bibi mmoja alikuwa na magunia mawili ya mpunga. Alikuwa anayapeleka Mikumi kuuza, amnunulie mjukuu wake sare za shule. Magunia yote mawili yalilowa maji ya tope.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa dereva yule. Nilitaka kujua gari lake lilikuwa limeinuka kiasi gani hasa. Tulichukua ufito na kipande cha mkaa. Matairi ya zamani alikuwa nayo bado. Tulisimamisha ufito kando ya gurudumu, mahali pa tambarare. Tukatia alama mahali ufito ulipopita katikati ya gurudumu. Kisha tukafunga tairi la zamani, tukatia alama ya pili.

Alama zile mbili hazikuachana hata kwa unene wa kidole gumba. Dereva alinyamaza. Akasema tupime tena. Tukapima tena.

Sababu yake ni hii. Gari limekaa juu ya ekseli. Ekseli iko katikati ya gurudumu. Kwa hiyo ukiongeza kimo cha gurudumu, nusu ya ziada hiyo huenda juu ya ekseli, na nusu hubaki chini yake. Nusu ya chini tu ndiyo inayoinua gari. Ukiongeza sentimeta 4, gari linapanda sentimeta 2. Lakini macho yako yanaona tairi zima, ndiyo maana unadanganyika. Hata mkokoteni wa ng'ombe uko hivyo hivyo.

Wewe unajua kusoma tarakimu. Soma zile zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi la zamani la dereva yule liliandikwa 195/65 R15. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimeta. Namba 65 ina maana kwamba kimo cha ubavu wa mpira ni sehemu 65 katika kila sehemu 100 za upana huo. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, gurudumu zima lina kimo cha sentimeta 63 na nusu hivi. Tairi lake jipya lilikuwa 205/70 R15. Hilo lina karibu sentimeta 67. Ziada ni kama sentimeta 3 na kidogo. Nusu yake haifiki hata sentimeta 2.

Weka magunia mawili ya mahindi nyuma ya gari. Springi zitalala, na ziada ile yote itakwisha. Siku ile ya korongo tulikuwa watu wengi kuliko viti.

Vijana wengine hununua rimu kubwa zinazong'aa, wakidhani ndizo zinazoinua gari. Hapa kuna jambo la kuchekesha. Chukua rimu ya 17 yenye tairi la 205/50. Gurudumu zima lina kimo cha sentimeta 63 na milimeta 7. Gari limepanda kama milimeta 1! Rimu imekua, lakini mpira umekuwa mwembamba. Na mpira mwembamba ukigonga shimo, rimu hupinda.

Sisemi gurudumu kubwa halina faida. Gurudumu lenye kimo hupita juu ya shimo kwa upole kuliko dogo. Mkokoteni wenye magurudumu madogo huzama shimoni, ng'ombe wakachoka bure. Lakini gari limetengenezewa gurudumu la kimo chake. Ukizidisha, tairi husugua madigadi unapokata kona au unapobeba mzigo. Breki ile ile inapata kazi kubwa zaidi ya kulishika gurudumu. Utalijua hilo ukiteremka mlima Kitonga na mzigo.

Tena saa ya mwendo haisemi kweli. Tairi la zamani la dereva yule, likizunguka mara moja, lilikwenda meta 2. Jipya linakwenda meta 2 na sentimeta 10. Gari halijui. Mshale unasema 80, nawe unakwenda 84. Barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na wanyama huvuka mbele ya magari. Hapo hiyo 4 si ndogo.

Kuhusu maji, watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa na mimi. Mnakumbuka Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipofurika, ukazoa nyumba na kung'oa Reli ya Kati. Maji yanayopita kwa kasi hayaangalii kimo cha tairi. Yakifika magotini tu, yanaweza kulisukuma gari dogo. Tena gari lililoinuka huyumba zaidi, kwa sababu uzito wake umepanda juu.

Kama gari lako linagusa chini, punguza mzigo kwanza. Kisha mwambie fundi atazame springi, huenda zimechoka. Kipimo cha tairi kinachofaa mara nyingi kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Na mashimo ya njia ya kijiji yanazibika kwa mawe na changarawe, watu wakitoka asubuhi moja.

Dereva yule aliyauza matairi makubwa, akamlipa bibi gunia moja. La pili alisema atalipa baada ya mavuno. Ule ufito bado uko nyumbani kwake, nyuma ya mlango. Una alama mbili za mkaa. Ukisimama mbali kidogo, unaziona kama moja.