Tarehe ya awali isifutwe: namna ya kufuatilia muda wa miradi kwa lahajedwali

Kila unapokaribia mwezi wa Januari, Unguja na Pemba huingia katika pilikapilika za maadhimisho ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Mawe ya msingi huwekwa, na skuli, barabara na vituo vya afya hufunguliwa rasmi. Kwa mradi wa umma hapa Zanzibar, tarehe mbili huwa na uzito wa aina yake: 12 Januari, ambapo wengi hutamani kuona utepe ukikatwa, na 30 Juni, siku ya kufungwa kwa mwaka wa fedha wa Serikali. Kabla ya kuzifikia zipo tarehe nyingi zisizotangazwa: siku ya kumalizika kwa dhamana ya benki ya mkandarasi, siku ya kupokea kibali, siku ya kuwasilisha hati ya malipo. Mara nyingi mradi hukwama katika tarehe hizo ndogo.

Chombo rahisi cha kuzifuatilia ni lahajedwali, yaani jedwali linaloandaliwa katika kompyuta kwa programu kama Excel, ambalo huhifadhi taarifa na kuzifanyia hesabu. Kila shughuli hupewa mstari wake, na safu wima huonyesha jina la shughuli, mtu anayewajibika na tarehe ya kukamilika.

Katika majedwali mengi kasoro huanzia hapo kwenye tarehe ya kukamilika. Kazi inapochelewa, mtunza jedwali hufuta tarehe ya zamani na kuandika mpya. Baada ya marekebisho matatu, mradi uliochelewa miezi minane huonekana uko ndani ya muda, na hakuna aliyesema uongo. Dawa yake ni kuwa na safu tatu badala ya moja: tarehe ya awali kwa mujibu wa mkataba, ambayo haiguswi kamwe, tarehe iliyorekebishwa, pamoja na sababu na jina la aliyeidhinisha, na tarehe halisi ya kukamilika. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ndiyo ucheleweshaji, na mkaguzi wa hesabu huhitaji kuiona hiyo kabla ya kuhoji fedha.

Uandishi wa tarehe wenyewe una mtego. Sisi huanza na siku, kisha mwezi. Kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani huanza na mwezi. Ukiiandikia 12/1/2026 ukikusudia Siku ya Mapinduzi, itaelewa 1 Disemba 2026, na mradi utakuwa umezawadiwa siku 323 ambazo hazimo katika mkataba wowote. Ukiandika 30/6/2026, itashindwa kupata mwezi wa thelathini, hivyo itaihifadhi kama maneno matupu yasiyoingia katika hesabu. Ni salama zaidi kuanza na mwaka, kwa mfano 2026-01-12, na kuzipangilia seli zionyeshe mwezi kwa jina.

Kuhesabu siku nako kunahitaji makubaliano. Tuchukulie mkataba wa siku 240 wa ujenzi wa madarasa unaoanza 1 Septemba 2025. Ukiongeza 240 kwenye tarehe hiyo, lahajedwali hutoa 29 Aprili 2026. Ikiwa siku ya kwanza nayo inahesabiwa, mwisho ni 28 Aprili. Siku hizo ni za kalenda. Kwa hatua zinazopimwa kwa siku za kazi, kama vile kujibu barua au kupitia zabuni, Excel ina fomula ya NETWORKDAYS, ambayo huondoa Jumamosi, Jumapili na sikukuu utakazoiorodheshea. Orodha hiyo lazima uiandae mwenyewe: programu haijui 12 Januari, 7 Aprili wala 26 Aprili, na sikukuu za Idd husubiri mwandamo wa mwezi, hivyo huingizwa kwa makadirio na kusahihishwa baadaye.

Mfano huo una jambo jingine ambalo tarakimu pekee hazilionyeshi. Mwaka 2026 Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na masika huanza Machi hadi Mei. Kazi za nje zilizopangwa kumalizika mwishoni mwa Aprili zitapita katika saa fupi za mfungo, kisha moja kwa moja katika mvua. Mpangaji makini huezeka paa kabla ya hapo, au huomba muda unaolingana na hali halisi tangu siku ya kutia saini.

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, una mahitaji yake zaidi. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Tabaka moja la chokaa hulazimika kusubiriwa kabla ya jingine, na katika vichochoro visivyopitisha gari vifaa hubebwa kwa mkokoteni. Kwa hiyo jedwali la ukarabati liwe na safu inayotaja kazi ipi inasubiri ipi, ili kibali kikichelewa wiki mbili, tarehe zote zinazokifuata zisogee zenyewe. Zisogee pia fundi anapogundua ufa. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika ukarabati. Katika majengo ya umri huo, muda ulioongezwa kwa sababu za usalama na kuandikwa wazi si wa kuonewa haya.

Mwananchi naye anaweza kutunza jedwali lake. Ubao wa mradi ukionyesha tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kamati ya skuli au wakaazi wa shehia wanaweza kuzinakili siku ubao unaposimamishwa, wakaupiga picha, na kuandika kila mwezi kilichokamilika. Swali linalopelekwa kwa sheha, au kwa Mwakilishi wa jimbo, likiwa na tarehe tatu mkononi, ni gumu kujibiwa kwa ahadi ya jumla.

Mstari wa mradi usifutwe baada ya ufunguzi. Mikataba ya ujenzi huweka kipindi cha uangalizi wa kasoro, aghalabu mwaka mmoja, ambapo mkandarasi hurekebisha kasoro za kazi yake kwa gharama zake, na sehemu ya malipo huzuiliwa hadi kipindi kiishe. Paa lililokabidhiwa Januari 2026 litapitiwa na masika moja na vuli moja kabla ya Januari 2027. Kila uvujaji utakaoonekana huandikwa katika mstari uleule, pamoja na siku ambayo mkandarasi alijulishwa kwa barua na siku aliyofika kurekebisha.